Bahari pia ni ya mwanafunzi wa Kitale na Bungoma

Kila mwaka KUCCPS inapofungua tovuti yake kwa waliofanya mtihani wa KCSE, chaguo za vijana wa Trans Nzoia na Bungoma hufanana: ualimu, uuguzi, kilimo, sheria, uhandisi, kompyuta. Bahari ni nadra kutajwa, na si ajabu. Kutoka Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 850 kwa barabara. Mji wenyewe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mtoto anaweza kumaliza Kidato cha Nne bila kuyaona maji ya chumvi isipokuwa kwenye kalenda. Anayethubutu kutaja elimu ya bahari mbele ya wazazi huulizwa moja kwa moja: utavua samaki gani huku?

Swali hilo ni la haki, kwa sababu karo inatoka mfukoni mwa mzazi. Lakini linachukulia kwamba anayesoma bahari lazima awe mvuvi, baharia au mwanabiolojia. Sivyo ilivyo siku hizi. Katika vyuo vikuu vingi vya nje, hasa Marekani, bahari husomwa pia kama somo la pili. Mwanafunzi wa uchumi hubaki mwanauchumi na wa sheria hubaki mwanasheria, ila kila mmoja huongeza masomo machache kutoka idara tofauti: mikondo ya maji na hali ya hewa, viumbe vya majini, historia ya biashara ya baharini, sheria za mipaka, siasa za uvuvi. Akihitimu ana taaluma yake kamili, na juu yake ana ufahamu wa bahari ambao wenzake hawana.

Mpango wa namna hiyo unaweza kumfaa kijana wa bara kuliko hata wa pwani, maana haumtaki aache kile ambacho familia yake tayari inakielewa.

Bahari iliyo shambani

Mkulima wa Trans Nzoia hupanda mahindi mvua ya masika inapoanza, Machi au Aprili, na huvuna kuanzia Oktoba. Wakati huo anataka jua. Bodi ya Nafaka, NCPB, hununua mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na asiye na mashine ya kukaushia hutegemea turubai uani na anga safi. Mvua ikija Novemba, mahindi huoza yakiwa bado kwenye mabua au huota ukungu ghalani, na ukungu ndio unaoleta sumu ya aflatoksini.

Kama mvua hiyo ya Oktoba hadi Desemba itazidi au itapungua, hilo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na joto la maji ya Bahari Hindi. Katika miaka fulani maji ya upande wetu, karibu na Afrika Mashariki, hupata joto kuliko kawaida huku yale ya upande wa pili, karibu na kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, yakipoa. Maji yenye joto hutoa mvuke mwingi, na upepo huuleta huku. Wanasayansi waliueleza mtindo huo rasmi mwaka 1999 na kuupa jina la daipoli ya Bahari Hindi. Ukigeuka, upande wetu ukapoa, vuli hukauka.

Mwaka 2019 daipoli ilikuwa miongoni mwa zile kali zaidi kuwahi kupimwa. Novemba mwaka huo maporomoko ya ardhi yaliua makumi ya watu katika kaunti jirani ya West Pokot, na barabara ya kutoka Kitale kuelekea Lodwar ikakatika. Mwaka 2023 daipoli ilikuja pamoja na El Niño, kama ilivyokuwa mwaka 1997. Wazee bado wanaisimulia mvua ile ya 1997. Kisichosimuliwa sana ni kwamba joto hilo hilo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya mwaka 1998, na wavuvi wa Kwale na Kilifi wakapoteza mazalio ya samaki wao. Bahari ile ile moja ilimharibia mkulima wa huku na mvuvi wa kule katika msimu mmoja.

Ni vyema kusema pia kwamba si kila wingu la Mlima Elgon linatoka Bahari Hindi. Mvua nyingi ya Julai na Agosti huja kutoka magharibi, upande wa Kongo na Ziwa Victoria. Ndiyo maana kazi ya kutabiri hali ya hewa ya eneo hili ni ngumu na inahitaji watu wanaolijua eneo lenyewe, si ramani tu.

Mfano mwingine ni mbolea. Mbolea nyingi inayopandiwa mahindi ya Trans Nzoia na miwa ya Bungoma hushushwa bandarini Mombasa. Meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi za uchukuzi zilizielekeza meli zao kuzunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu na ya gharama zaidi. Intaneti nayo huja kwa nyaya zilizolazwa kwenye sakafu ya bahari. Za kwanza kubwa zilifika Mombasa mwaka 2009. Mbili kati ya nyaya zinazohudumia eneo hili zilipokatika Mei 2024, malipo na mitandao ilikwama kote Afrika Mashariki, na aliyekuwa kwenye saiba Bungoma mjini aliliona tatizo sawa na aliyekuwa Nyali.

Na maji yetu huenda wapi? Mto Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherangany na ya Mlima Elgon, ukapita Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega, ukaingia Ziwa Victoria katika Kaunti ya Busia baada ya safari ya takriban kilomita 257. Kutoka ziwani maji hutoka Jinja, yakafuata Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Udongo uliomomonyoka kwenye mashamba ya Cherangany, mbolea iliyosombwa na chupa za plastiki zilizotupwa mtaroni huanza safari hiyo hiyo, ingawa sehemu kubwa huishia ziwani au kwenye nyanda za mafuriko za Budalang'i. Lakini Mto Suam, ambao pia unaanzia Mlima Elgon, huenda kaskazini, ukaitwa Turkwel, ukaishia Ziwa Turkana ambalo halina njia ya kutokea. Mvua ya mlima mmoja hugawanyika: mingine huelekea baharini, mingine haifiki kamwe. Mwanafunzi anayeanza na swali hilo tayari ameanza jiografia ya bahari.

Mwanasheria aliyeifikisha Kenya maili 200

Kwa anayedhani bahari ni ya wanabiolojia pekee, historia ya Kenya ina jibu zuri. Mapema miaka ya sabini nchi nyingi zilizokuwa zimepata uhuru karibuni zilikuwa na pwani lakini hazikuwa na usemi juu ya samaki waliokuwa wakivuliwa mbele yake. Meli kubwa za mataifa tajiri zingeweza kuja karibu na ufuo na kuondoka na shehena. Mwaka 1971, katika mkutano wa kamati ya kisheria ya nchi za Asia na Afrika uliofanyika Colombo, Sri Lanka, Mkenya Frank Njenga alitoa wazo kwamba kila nchi yenye pwani iwe na eneo maalumu la kiuchumi baharini, ambamo mali yote ni yake ingawa meli za wengine zinaruhusiwa kupita. Mwaka uliofuata Kenya ililipeleka wazo hilo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa.

Wazo hilo likaingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, na leo karibu kila nchi yenye pwani duniani inadai maili 200 za baharini kwa msingi huo. Kenya iliuridhia mkataba mwaka 1989. Njenga hakuwa mtaalamu wa samaki. Alikuwa mwanasheria aliyeelewa samaki, meli na siasa kiasi cha kuviunganisha katika hoja moja.

Mpaka huo wa bahari ndio uliozua kesi baina ya Kenya na Somalia. Somalia iliwasilisha mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 2014, ikigombea eneo la bahari la zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Kenya ilijiondoa katika vikao vya Machi 2021. Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ilichora mstari ulioipa Somalia sehemu kubwa ya eneo hilo, na Serikali ya Kenya ikaukataa uamuzi. Katika kesi kama hiyo wanahitajika wachora ramani, wanajiolojia wa sakafu ya bahari, wanahistoria wa mipaka ya kikoloni na wanadiplomasia, na kila mmoja lazima aelewe lugha ya mwenzake.

Lamu nako kuna somo. Bandari mpya ilipoanza kujengwa, wavuvi walikwenda mahakamani wakisema kazi ya kuchimba na kupanua lango la bandari inaharibu maeneo yao ya uvuvi na utamaduni wao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Samaki wasiovuliwa kesho wanahesabiwaje kwa shilingi? Hilo ni swali la mwanauchumi, lakini hawezi kulijibu bila mwanabiolojia, na wote wawili hawana kesi bila mzee wa Lamu anayejua ni mwezi gani samaki gani hupita wapi.

Lakini mfano unaoweza kueleweka upesi zaidi huku kwetu uko Gazi, Kaunti ya Kwale. Jamii ya huko hulinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Mikoko hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi kwenye matope kwa muda mrefu kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Tangu 2013 mradi huo umekuwa ukiuza hati za kaboni, wa kwanza duniani kufanya hivyo kwa mikoko, na mapato yamesaidia miradi ya maji na shule. Kuupata mti wa mkoko upimwe kaboni ni kazi ya mwanasayansi. Kuifanya kaboni hiyo iuzike ni kazi ya mhasibu. Kuipa jamii haki ya kuusimamia msitu wa Serikali ni kazi ya mwanasheria, na ilipitia chama cha jamii cha misitu, chombo kile kile kinachojulikana na wakazi wanaopakana na misitu ya Mlima Elgon na Cherangany. Kijana aliyekua akihudhuria mikutano ya chama cha msitu kule Kapsokwony au Kapolet angefika Gazi akiwa tayari anajua nusu ya mambo.

Pa kusomea

Hapa nchini utaratibu wa kuwa na somo kuu na somo la pili haujazoeleka. Mwanafunzi akishapangiwa kozi, huisoma hiyo hadi mwisho; walimu watarajiwa ndio hasa huwa na masomo mawili. Kwa hivyo anayetaka bahari ana njia mbili.

Ya kwanza ni kuisoma moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi hufundisha shahada ya biolojia ya bahari na uvuvi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa nacho kina masomo ya rasilimali za bahari. Chuo cha Bandari Maritime, Mombasa, hufundisha kazi za melini na bandarini, na si lazima uwe na alama za shahada. Kwa asiyetaka kwenda mbali mwanzoni, Chuo Kikuu cha Eldoret, takriban kilomita 70 kutoka Kitale, hufundisha uvuvi na sayansi ya viumbe vya majini. Kupima maji, kuhesabu samaki na kutambua vijimea vya majini ni ujuzi unaoanza ziwani au bwawani na kuendelea baharini.

Ya pili ni kuijenga bahari juu ya kozi nyingine, kwa mpango wa mwanafunzi mwenyewe. Nafasi zipo tatu: masomo ya hiari ndani ya kozi, atachimenti, na mradi wa mwaka wa mwisho. Atachimenti ndiyo inayopotezwa zaidi. Wengi huikimbilia afisi iliyo karibu na nyumbani, wakamaliza miezi mitatu wakipanga faili. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, ina makao makuu Mombasa na kituo Kisumu, ambako kijana wa Bungoma anaweza kufika kwa matatu kabla ya saa sita mchana. Taasisi hiyo hupokea wanafunzi wa atachimenti, na haina kazi ya wanabiolojia pekee: kuna takwimu, kompyuta, ramani, uchumi wa jamii za wavuvi.

Mradi wa mwaka wa mwisho nao hauhitaji meli. Kote duniani kuna takriban vifaa 4,000 vya mpango unaoitwa Argo vinavyoelea baharini. Kila kimoja huzama hadi mita 2,000, kikapima joto na chumvi ya maji, kisha kikaibuka na kutuma vipimo kwa setilaiti. Takwimu hizo hupatikana bure kwenye intaneti. Mwanafunzi wa kompyuta au hisabati katika Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, anaweza kuzipakua jioni moja na kulinganisha joto la Bahari Hindi na rekodi za mvua za kituo cha hali ya hewa cha Kitale kwa miaka 20. Mwenzake anayesomea usimamizi wa majanga katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, anaweza kuchukua matokeo hayo na kuuliza wakazi wa kandokando ya Nzoia wanapata onyo siku ngapi kabla ya mafuriko, na kwa lugha gani. Kazi hizo mbili zikiwekwa pamoja zingemfaa afisa wa kilimo wa wadi yoyote katika kaunti hizi.

Baada ya shahada ya kwanza milango huongezeka. Zanzibar kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko huko Zanzibar ndiko yaliko makao ya WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari Hindi, ambacho hutoa ruzuku za utafiti kwa vijana wa nchi za eneo hili na hukaribisha wataalamu wa sayansi ya jamii sawa na wa biolojia.

Ajira na karo

Haifai kumdanganya mzazi. Nafasi za kazi za mwanabiolojia wa bahari nchini si nyingi. KMFRI na vyuo huajiri wachache kwa wakati, na mashirika mengi ya uhifadhi ya pwani hutoa kandarasi fupi zinazofuata ufadhili. Tangu mkutano wa kimataifa wa uchumi wa bahari uliofanyika Nairobi Novemba 2018, ambao mwezi huo huo Kenya ilizindua Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ahadi zimekuwa nyingi kuliko ajira.

Hiyo ndiyo sababu ya kuitazama ile njia ya pili kwa makini. Mhasibu anayeelewa soko la kaboni, mwanasheria anayeelewa mipaka ya bahari, mtaalamu wa hali ya hewa anayeelewa daipoli na mwalimu wa jiografia anayeweza kueleza mikondo bila kukariri kitabu, wote wana kazi zao za kawaida za kurudia iwapo za bahari zitachelewa. Mwanabiolojia wa bahari aliyerudi Endebess bila ajira ana kibarua kigumu zaidi, ingawa ufugaji wa samaki wa mabwawa, uliosambazwa na Serikali kuanzia 2009, bado unahitaji washauri wenye ujuzi.

Kwa upande wa gharama, anayekwenda pwani aongeze nauli na kodi ya nyumba kwenye hesabu zake, maana karo ya darasani ni sehemu tu. Ombi la mkopo hupelekwa HELB, na fomu za basari za NG-CDF hupatikana katika afisi za eneobunge. Waombaji wa kozi zisizo za kawaida waeleze kwenye fomu kwa nini kozi hiyo haipatikani karibu, kwa kuwa kamati nyingi huuliza.

Ili kupangiwa kozi ya shahada mwanafunzi anahitaji wastani wa C+ katika KCSE, na wa diploma C-. Kwa kozi za sayansi ya bahari, biolojia na kemia ndizo hutazamwa kwanza. Anayependa fizikia na hisabati asijione amefungiwa nje: mikondo, mawimbi na utabiri wa hali ya hewa ni fizikia na hisabati tupu.

Kwa walio nyuma yao, wanafunzi wa mfumo mpya wa umilisi, mtaala wa sekondari ya juu ulioanza na Gredi ya 10 Januari 2026 una somo la teknolojia ya bahari na uvuvi katika mkondo wa sayansi na teknolojia. Si kila shule hulifundisha, kwa hivyo mzazi anayelitaka aulize shuleni kabla ya kujaza chaguo la mkondo. Shule isiyo na somo hilo inaweza bado kuwa na biolojia nzuri, jiografia nzuri, na mwalimu aliye tayari kuwapeleka wanafunzi kwenye daraja la Nzoia wakiwa na chupa safi na kipimajoto.